Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri na dari limeanza kuvuja saa hiyohiyo, utadhani walikuwa wamepeana ahadi. Nimesogeza cherehani kutoka dirishani hadi karibu na mlango. Daftari hili ni la kiwandani. Tulipewa tuandike idadi ya mikono tuliyoshona kwa siku, na kiwanda kilipofungwa mwezi uliopita nililibeba pamoja na mkasi wangu. Nusu ya karatasi bado ni nyeupe. Nitaandika humu mpaka mvua ziishe, maana nisipoandika nitaendelea kuzunguka chumbani kama mtu aliyepoteza funguo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana wifi yangu alipiga simu. Anasema mvua zikiisha na barabara ikipitika, atakuja kumchukua mtoto. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. Miaka miwili mtoto yuko kwangu, tangu kaka yangu alipofariki na mkewe akaenda mji mwingine kufua mashuka ya hoteli. Alinijia ana miaka minne, kifungo hajui kukifunga. Leo ana sita, na njiani watu wananiita mama yake. Simsahihishi mtu.

Ninamwita Chiriku, kwa sababu akifungua jicho amefungua na mdomo. Sijamwambia kuhusu simu.

Jumanne, 4 Machi

Leo pia sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua kumshonea gauni. Wifi akifika akute mtoto amevaa kitu cha maana, kilichokatwa na kushonwa hapa hapa na shangazi yake, aone kwa macho yake kwamba mtoto ana kwao. Na nani ajuaye, labda mtoto mwenyewe atagoma kuondoka. Nimeliandika hilo na sioni aibu. Au ninaiona kidogo.

Futi yangu ya kupimia imetafunwa na panya mwanzoni, sasa inaanzia inchi ya kumi na moja. Nikachukua uzi mnene nikampima nao: fundo la kwanza shingoni, la pili begani, la tatu kiunoni, la nne chini ya goti. Chiriku alifurahi mno kuona mwili wake umekuwa mafundo. Akaleta mwanasesere wake naye apimwe. Huyo nilimtengeneza mwaka juzi kwa vipande vya kiwandani, na vipande vilikuwa vingi, kwa hiyo ametoka na kitambi. Chiriku amempa jina la Mheshimiwa, kwa sababu ana tumbo na hafanyi kazi yoyote.

"Aanze yeye," akasema. "Akipendeza, ndiyo na mimi."

Si wazo baya. Kitambaa cha Mheshimiwa kikiharibika hakuna wa kulia.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amepiga tena. Nikamwambia mtoto amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mtoto alikuwa nje anaruka madimbwi, kelele zake zinasikika mpaka kwenye simu. Wifi akazisikiliza, kisha akasema, "Haya, wifi. Asubuhi njema."

Huwa nampa mtoto simu Jumapili kwa Jumapili. Leo nimeshindwa. Yule mwanamke hakudondosha chozi kwenye msiba wa kaka yangu, nilimtazama siku zote tatu. Na nguo zote za kaka ziligawanywa hata arobaini haijafika. Mtu wa namna hiyo unamkabidhi nini?

Jumatano, 12 Machi

Gauni la Mheshimiwa limekwisha na nimejiona mjinga.

Miaka kumi na tano nimeshona mkono wa kushoto. Si mikono, mkono. Kiwandani kola zina mtu wake, mifuko ina mtu wake, mimi nilikuwa mkono wa kushoto wa shati, kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja. Sikuwahi kulishona shati zima. Kumbe mkono una mbele na nyuma: upande wa mbele unachimbwa zaidi kwapani. Nimemshonea Mheshimiwa mikono miwili ya kushoto. Ule uliokaa kulia umejipinda, kiganja kinaangalia nyuma.

Chiriku alimgeuza, akamkagua kama daktari. "Shangazi, Mheshimiwa anapokea kitu kwa nyuma."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakaa, kicheko kikaniisha. Kama siwezi kumvisha mwanasesere, nitamvisha nani?

Jumamosi, 15 Machi

Nimegeuza kitambaa. Nimegeuza karatasi ya kukatia. Nimeiandika "KULIA" kwa herufi kubwa. Nikiweka mguu kwenye cherehani tu, mikono yangu inakumbuka kazi yake, na kinachotoka ni cha kushoto. Gauni la Chiriku lina mikono miwili ya kushoto, na hiki hakikuwa kitambaa cha majaribio, ni kile cha maua ya manjano nilichokitunza.

Dari sasa linavuja mlangoni. Cherehani limehamia miguuni pa kitanda.

Jumapili, 16 Machi

Simu imeita. Sikuipokea. Chiriku aliuliza, "Ni mama?" Nikasema mama siku hizi hapigi, kazi zimembana.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nimefumua, nimeshona tena, kushoto tena.

Jumatano, 19 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo nimeinama.

Kiwandani, uso kwa uso nami, alikaa mwanamke aliyeshona mkono wa kulia. Wenzetu walituita hivyo hivyo, mimi Kushoto, yeye Mkono wa Kulia. Shati likirudishwa kwa kuvuta upande, mimi nilisema ni wake, yeye akasema ni wangu. Mwaka wa tisa alikwenda kwa msimamizi na mkono wangu mmoja, kaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Tangu siku hiyo hatukusemezana, na tulitazamana kila siku ya kazi kwa miaka sita.

Anakaa nyuma ya ghala la sabuni. Nilipita mlango wake mara tatu kwenye matope kabla ya kubisha. Alifungua, akanitazama toka juu hadi chini.

"Kushoto. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina tatizo la mkono."

Alisogea pembeni nikaona ukutani kwake. Msumarini limening'inia shati la mtoto, jipya, la mjukuu wake. Nikalitazama lile shati, naye akanitazama mimi ninavyolitazama. Lilikuwa na mikono miwili ya kulia.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Nililitoa gauni kwenye mfuko, nikaliweka juu ya meza yake. Akaushika ule mkono mbaya, akaupindua, mabega yakaanza kumtikisika. Mwanzoni nilidhani analia. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Miaka sita ya kununa, na kumbe hakuna hata mmoja wetu anayejua kushona nguo.

Jumamosi, 22 Machi

Mkono wa Kulia huja alasiri na mwavuli wenye mifupa miwili iliyovunjika. Anashona wake, nashona wangu, tunabadilishana kiti kwa sababu cherehani ni moja. Shati la mjukuu wake limekaa sawa. Mheshimiwa sasa ana gauni la heshima, hapokei kitu kwa nyuma. Chiriku amekaa chini ya meza anaokota vipande na kutupasha habari za shule, za paka wa jirani, za mwalimu anayepiga chafya mara saba mfululizo.

"Huyu mtoto ana betri?" Mkono wa Kulia akauliza.

Jumapili, 30 Machi

Wifi: "Naomba nisikie sauti yake tu." Nikasema yuko kwa jirani. Nilikata simu, nikafagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua siku ya tano bila kupumzika. Nguo hazikauki, tunazikausha kwa pasi. Usingizi sina. Nafikiria tumhamie shangazi yangu shamba, nafikiria kubadili namba ya simu, nafikiria mambo ambayo mtu mwenye akili hayaandiki. Sikai wala sisimami.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimevuna nilichopanda.

Tulikuwa tunapinda gauni la maua, limebaki pindo tu. Chiriku amesimama juu ya kiti amelivaa, anazunguka taratibu, mimi nina pini mdomoni. Mkono wa Kulia akajitenga kidogo kulitazama, akasema kwa furaha yake yote, "Mama yako akija kukuchukua hatakutambua."

Chiriku akaacha kuzunguka.

"Mama anakuja?"

Mkono wa Kulia akanitazama. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, na zile pini zilinipa muda, lakini si mwingi. Nilizitoa moja moja. Nikasema ndiyo, mvua zikiisha.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwenye simu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Chiriku alishuka kwenye kiti, akavua gauni na pini zake zote, zikamkwaruza mkononi na hata hakuguna. Akavaa nguo zake za shule. Akamchukua Mheshimiwa, naye akamvua. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma ubaoni:

"Ulisema mama hapigi simu."

Baada ya hapo hakusema neno. Chakula alikula. Nilipomwita alikuja. Nilipomwuliza aliitikia kwa kichwa au kukataa kwa kichwa. Chumba kilikuwa kimya, nasikia matone yote ya dari, hata yale madogo.

Mkono wa Kulia hakuondoka mara moja. Alinivuta barazani. Nilianza kumlaumu, kwamba mdomo wake hauna pindo. Akaniacha nimalize.

"Ulikuwa hujamwambia," akasema.

"Nilikuwa namwonea huruma. Angelia."

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na si yeye uliyekuwa unamwonea huruma."

Nikamwambia haijui ile familia. Nikamwambia kuhusu msiba, macho makavu, nguo za kaka kugawanywa. Akasikiliza huku anakung'uta mwavuli.

"Mimi nilikuona unazika mama yako," akasema. "Ulikuja kazini kesho yake ukashona mikono yako yote. Nikasema huyu mwanamke ana moyo wa jiwe. Ndiyo sababu nilipeleka ule mkono wako kwa msimamizi. Nilitaka nikuone unakasirika angalau." Akafungua mwavuli. "Usinisikilize. Nilikuwa nakosea wakati ule, na wewe unakosea sasa."

Akaondoka. Mkono ule wa mwaka wa tisa. Ulikuwa wa kesho yake baada ya kumzika mama, na nilikuwa sijawahi kulihesabu hilo.

Jumatano, 9 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 10 Aprili

Kimya. Nimeomba msamaha. Ameitikia kwa kichwa, lakini si kile cha ndiyo.

Jumapili, 13 Aprili

Simu ilipoita sikusema hata haloo. Nilimpa mtoto, nikatoka nje, nikasimama chini ya vigae mvua ikinimwagikia begani. Aliongea mpaka chaji ikaisha. Nilisikia habari za paka, za mwalimu wa chafya, za kitambi cha Mheshimiwa. Hakunishtaki. Nilisubiri anishtaki, hakunishtaki, na hilo lilinichoma zaidi.

Aliporudisha simu alisema, "Shangazi, umelowa."

Maneno mawili baada ya siku tano. Nililia pale pale, waziwazi, mtoto akanishika sketi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua zinapungua. Nimepinda gauni. Limekaa vizuri, sisemi kwa kujisifu. Mkono wa Kulia anasema mkono wa kushoto ungeweza kuwa bora. Nimemwambia wa kulia unavuta.

Jumapili, 4 Mei

Jua siku nzima. Barabara inapitika. Sijawahi kulichukia jua namna hii.

Jumamosi, 10 Mei

Amefika leo saa sita.

Nilimtarajia yule yule wa msibani, amenyooka kama mlingoti. Aliyeingia ni mwanamke mwembamba, mikono imepasuka kwa sabuni mpaka kwenye vifundo. Chiriku alimkimbilia, kisha akasimama hatua moja kabla ya kumfikia, akaona haya. Wifi akachuchumaa, akasubiri. Hakumvuta. Mtoto akaja mwenyewe.

Baada ya chai wifi akafungua mkoba, akamgeukia mtoto. "Nimekushonea kitu."

Lilikuwa gauni. Mistari ya bluu na nyeupe, limeshonwa kwa mkono, sindano na uzi, mshono mdogo mdogo wa mtu asiye na haraka au asiye na muda wa kutosha kwa siku. Kifuani lilikuwa na mfuko. Nilikuwa ninaufahamu ule mfuko. Kaka yangu aliweka kalamu humo, na wino ulivuja mara moja, na doa lake lilikuwepo bado.

"Zile nyingine niliwapa ndugu zake," wifi akasema, maana aliona ninapotazama. "Hili shati nililificha. Nilikuwa nashona saa ya chakula, kidogo kidogo. Miaka miwili yote."

Chiriku akanyoosha mikono juu, mama akalishusha gauni. Likakwama. Kichwa kimefunikwa, mabega yamekataa, mtoto yuko ndani mikono juu, anacheka. Wifi akavuta. Uzi ukalia kwapani. Akaacha kuvuta.

"Nilikata kwa jinsi nilivyomwacha," akasema.

Akakaa kitandani. Ukutani nyuma yake, msumarini, lilikuwa limetundikwa gauni langu la maua ya manjano, limepigwa pasi, kipimo chake kamili, lile nililolishona ili siku hii mwanamke huyu alitazame na ajione mdogo. Na sitajidanganya humu: kwa pumzi moja nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda. Kisha nikaona anafuta macho kwa mgongo wa ile mikono iliyopasuka, haraka, mtoto asimwone, huku bado anamchezesha mtoto, "Uko wapi? Sikuoni, uko wapi?"

"Uliniona sikulia msibani," akaniambia bila kunigeukia. "Nilijua unaniangalia. Ningeanza, wifi, nisingenyamaza, na huyu alikuwa mgongoni kwangu."

Nilimvua Chiriku lile gauni taratibu. Nikachukua mkasi. Nikatungua gauni langu msumarini nikalilaza mezani, na kabla moyo haujabadilika nikakata sketi yake kuanzia kiunoni mpaka chini.

"Unafanya nini?" Wifi alisimama.

"Mbavuni anahitaji vipande viwili. Begani pia. Na mikono, hii imekuwa mifupi. Shika hapa."

Akashika. Nilimtuma Chiriku akamwite Mkono wa Kulia, akaja na unga mikononi, akatazama meza, hakuuliza. Nikashona kushoto, yeye kulia, wifi akifumua mishono yake mwenyewe mmoja mmoja na kuukunja uzi pembeni asiupoteze. Chiriku alimfundisha mama yake kupima kwa uzi na mafundo, kwa sauti ya mwalimu, na akampima Mheshimiwa kuonyesha mfano. Ilipofika saa kumi na mbili mtoto alikuwa amevaa shati la baba yake lenye mbavu za maua ya manjano. Halikuwa gauni zuri sana. Lilikuwa linamtosha, na pindo niliacha kubwa.

Jumapili, 11 Mei

Wameondoka na basi la asubuhi. Mlangoni wifi alinikumbatia, na mimi sikuwa mgumu. Chiriku alinionya nisiwe naongea peke yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Dari ni kavu. Ndoo iko pale pale, sijaiondoa.

Jumatano, 21 Mei

Nimefagia. Nimefagia tena.

Alhamisi, 5 Juni

Dereva wa basi ameleta bahasha. Nyepesi, nikadhani ni tupu. Haina barua, Chiriku bado hajui kuandika na mama yake hana maneno mengi. Ndani kulikuwa na nyuzi tatu.

Wa kwanza niliulaza mezani kando ya ule wa mwezi wa tatu. Begani umezidi kidogo, gotini umezidi kidole kizima. Wa pili ni mfupi, wa kiuno kipana. Mheshimiwa hajaongezeka wala kupungua. Wa tatu ulikuwa mrefu, na sikuuelewa kwa haraka. Mafundo yake makubwa, yamekazwa kwa meno, ya mtoto aliyepanda juu ya kiti kumpima mtu mzima. Kiunoni mwembamba sana: ni wifi.

Nilikaa nao mkononi muda, nikiyapapasa yale mafundo. Kisha nimeondoa ndoo, nimesukuma cherehani mpaka dirishani kwenye mwanga, nikaenda nyuma ya ghala la sabuni kubisha hodi.

"Nani amekufa?" akauliza Mkono wa Kulia.

"Hakuna. Chukua miwani yako uje. Kuna mikono sita. Mitatu yangu, mitatu yako."